Mbuzi wa Pesa ya Korosho: Mtenge Kwanza, Mpime Joto

Minada ya korosho ikishaanza na pesa zikaingia benki, huku Newala kila mtu anatafuta mbuzi. Kuna wa kumchezea mwali, wa mahari, na wa kuanzisha mradi. Wachuuzi wanalijua hilo vizuri kuliko sisi, ndiyo maana msimu huo utaona mbuzi wanashushwa kwenye malori na bodaboda, na ukiuliza wametoka wapi unajibiwa "huko juu". Mimi nafuga, na kila mwaka hicho ndicho kipindi ninachokiogopa kuliko masika.

Ninachokiogopa ni sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa wa virusi. Ilithibitishwa Tanzania mwaka 2008 kule Ngorongoro, na haikuchukua miaka mingi ikawa imefika Tandahimba na Newala. Wataalamu walipofuatilia, njia iliishia kwenye mbuzi walionunuliwa mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Hebu fikiria safari hiyo yote mpaka huku. Mbuzi anashuka kwenye gari, anajinyoosha, anaanza kula majani, na mwenye mali anafurahi.

Shida ni kwamba virusi hivi vinakaa ndani ya mnyama siku kadhaa kabla hujaona lolote, mara nyingi nne hadi sita, na pengine zaidi. Wataalamu wa kimataifa wanahesabu mpaka siku 21. Tena mnyama huanza kuvitoa kwenye pumzi, makamasi na kinyesi kabla hajaonekana mgonjwa. Kwa hiyo mchuuzi akikuambia, "Mzima huyu bosi, mtazame anavyocheua," huenda hakudanganyi. Ni kwamba hata yeye hajui. Wewe mwombe kibali cha kusafirisha mifugo. Akianza kuzungukazunguka, rudi nyumbani na pesa yako.

Ukishanunua, mtenge. Wiki tatu kamili, mbali na zizi. Mimi wageni nawafunga chini ya mikorosho upande wa pili wa shamba, pumzi zao zisifike kwa wenzao. Ndoo yao ya maji ni yao peke yao, na huku kwetu maji yanakonunuliwa kwa ndoo najua hilo linauma. Nawahudumia wenyeji kwanza, wageni mwisho, halafu nanawa miguu na mikono. Ukianza kwa wageni, umewapelekea wenyeji kila kitu kwa viatu vyako.

Katika wiki hizo tatu kazi kubwa ni kupima joto. Kipimajoto cha dijitali cha duka la dawa kinatosha. Kifunge uzi mwishoni na kibanio cha nguo kwenye ncha ya uzi, ubane manyoya ya mkiani, maana mbuzi akishtuka kinaweza kuingia chote au kudondoka kikavunjika. Kipake mafuta kidogo, kiingize njia ya haja kubwa kwa kukiinamisha ili kiguse ukuta wa utumbo. Kikizama katikati ya kinyesi kitakupa namba ya uongo. Mbuzi mzima huwa kati ya nyuzi 38.5 na 39.7. Pima alfajiri kabla jua halijachoma, kwa sababu saa nane mchana wa Newala hata mbuzi asiye na tatizo anaweza kupanda. Andika kwenye daftari kila mnyama na namba yake. Ukiona 40.5 alfajiri, na kesho yake tena, hiyo ni homa hata kama bado anacheua. Homa hutangulia. Tongotongo, makamasi, vidonda vya mdomoni na kuharisha vinakuja nyuma yake.

Hapo ndipo watu wengi wanakimbilia sindano ya oksitetrasaiklini. Dawa hiyo inaua bakteria wanaodandia mapafu yaliyokwisha dhoofu, lakini virusi haiviui. Piga simu kwanza kwa afisa mifugo wa kata. Sampuli nzuri ni ya mnyama aliyeanza homa leo au jana, majimaji ya machoni na puani, yakiwekwa kwenye barafu na kupelekwa maabara. Mtwara tuna kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari, siyo lazima kila kitu kiende Dar. Ukisubiri mpaka mbuzi alale chini, virusi vinaweza kuwa vimeshapungua mwilini na majibu yakakupoteza. Pia bila kipimo utaichanganya sotoka na homa ya mapafu ya mbuzi, ambayo inashika kifua tu, haileti vidonda mdomoni wala kuharisha.

Kuna jambo ambalo wafugaji wengi hatuambiwi: damu ya mbuzi aliyechanjwa na ya mbuzi aliyeugua akapona zinasoma sawa kwenye kipimo cha kinga. Ukitaka kujua kama virusi vinapita zizini kimyakimya, usipime wakubwa. Wapime vijana waliopita miezi minne, ambao hawajachanjwa na kinga ya maziwa ya mama imeshakwisha. Hao wakionekana na kinga, basi wameipata zizini, na kuna mgeni aliyepita hapo bila kubisha hodi.

Mbuzi siyo peke yao wanaobeba ugonjwa kimyakimya. Ng'ombe aliyepona ugonjwa wa miguu na midomo anaweza kubaki na virusi kooni kwa miaka, jambo la kufikiria kwa wenzetu wa Kilwa na Liwale waliopokea mifugo mingi kutoka bara. Bata anaweza kutembea na kideri bila kuumwa huku kuku wako wanaanguka mmoja mmoja. Wafugaji wa nguruwe wa Masasi na Ndanda nawaambia hivi: nyama ikishuka bei ghafla kijijini, jiulize kwa nini jirani ana haraka ya kuchinja. Homa ya nguruwe haina tiba.

Wiki tatu zikipita bila homa, wachanje ndipo uwaingize zizini. Chanjo ya sotoka inakinga miaka mitatu au zaidi kwa dozi moja, isipokuwa vitoto vya chini ya miezi minne wasubiri. Usichanje siku ya kununua. Aliyekwisha ambukizwa chanjo haitamwokoa, anaweza kufa wiki ijayo, na mtaa mzima utasema chanjo imemuua. Tarehe ya chanjo iandike kwenye daftari lile lile la joto, karibu na namba ya mnyama. Mtaalamu akija kuchukua damu mwakani, hilo ndilo swali lake la kwanza.