Ukingo wa Uvimbe Katika Upasuaji wa Saratani ya Kinywa: Maswali Yenu

*Baba alitolewa uvimbe wa saratani ulimini, lakini wamekata hata nyama nzima ya pembeni. Kulikuwa na haja gani? (Msomaji, Tanga)*

Saratani hii haina ganda la kuitenga na nyama nzima, bali hupenyeza vijizizi ndani ya misuli ambavyo jicho halivioni wala kidole hakivihisi. Ndiyo maana mpasuaji hukata takribani sentimita 1 nje ya uvimbe anaoupapasa, pande zote na kwenda chini, na huko chini ndiko penye mtego zaidi. Nyama ya ulimi hujikunyata mara tu inapokatwa, kwa hiyo sentimita ile husomeka pungufu chini ya hadubini. Kwa kawaida ukingo, yaani nyama isiyo na ugonjwa iliyo kati ya uvimbe na mkato, huhesabiwa kuwa salama ukifika milimita 5. Ukipungua hapo huitwa wa karibu, na seli za saratani zikigusa mkato wenyewe, ukingo si safi.

*Tuliambiwa upasuaji ulisimama karibu nusu saa ukisubiri maabara. Ilikuwa ikifanya nini? (Msomaji, Mombasa)*

Ilikuwa ikigandisha kipande cha nyama kwa baridi ya takribani nyuzi 20 chini ya sifuri, kukikata utando mwembamba, kuutia rangi na kuutazama, huku mgonjwa akiwa bado kwenye nusukaputi. Ningependa ndugu waulize pia kipande hicho kilitoka wapi. Wapo wapasuaji wanaochuna vipande vidogo kwenye jeraha lililobaki kinywani, navyo vinaweza kupita kando ya penye ugonjwa, na hata vikiwa safi havisemi zimebaki milimita ngapi. Mimi naona ni bora kupeleka nyama yote iliyotolewa, ikiwa imeshonewa nyuzi za kuonyesha mbele na juu, ili daktari wa patholojia, yaani anayechunguza nyama kwa hadubini, aipake wino kingoni, apime, kisha amwelekeze mwenzake mahali hasa pa kuongeza mkato.

*Siku ile walisema ukingo ni safi, lakini ripoti ya baadaye ikasema si safi. Nani alikosea? (Msomaji, Dodoma)*

Pengine hakuna. Kipande kilichogandishwa huonyesha sehemu chache tu, na barafu huharibu umbo la seli. Jibu la mwisho hutoka kwenye nyama iliyolowekwa fomalini (dawa ya kuihifadhi isioze) na kuwekwa kwenye nta. Mfupa wa taya ndio mgumu zaidi, kwani sharti ulainishwe kwa siku kadhaa kabla ya kukatwa, hivyo jibu lake halipatikani mgonjwa akiwa mezani. Ukingo usipokuwa safi, mgonjwa hurudishwa kukatwa tena iwapo inawezekana, ama hupewa mionzi, mara nyingi pamoja na tibakemikali.

*Je, hakuna dawa ya kupaka ikaonyesha mpaka? (Msomaji, Unguja)*

Ipo ya iodini. Utando wa kinywa usio na ugonjwa hugeuka kahawia na ulioharibika hubaki umepauka, ila huonyesha juu tu, si kina. Tena kwa aliyetafuna tambuu na popoo miaka mingi, utando huweza kuwa umeharibika mbali na uvimbe wenyewe, na hapo mpaka hauonekani waziwazi hata kwa rangi.