Maswali na majibu: gari la umeme la Kichina na nyota ya Mercedes

Barua zilizofika mwezi huu hapa Lubumbashi zimeelekea karibu zote upande mmoja, na sababu yake inajulikana: ndugu zetu wanaokwenda Guangzhou kutafuta bidhaa hawarudi tena na picha za vitambaa na vigae peke yake, wanarudi na picha za magari. Nimechagua maswali saba. Pale ambapo wasomaji wawili wameuliza jambo lile lile, nimechukua barua iliyouliza kwa ukali zaidi.

Mjomba wangu amerudi kutoka China akisema ameketi ndani ya gari jipya la umeme ambalo bei yake haifiki dola 10,000. Je, gari hilo ni la kweli, au mjomba amedanganywa? (Msomaji, Kampemba)

Mjomba hakudanganywa. Yawezekana kabisa kwamba aliketi ndani ya BYD Seagull, gari dogo lililotolewa huko Shanghai mwezi Aprili 2023 kwa bei ya kuanzia yuan 73,800, yaani zaidi kidogo ya dola 10,000, na ambalo baadaye lilishushwa hadi chini ya yuan 70,000. Hata hivyo, umwambie kwamba hiyo ni bei ya China. Gari hilo hilo lilipopelekwa Ulaya mwaka 2025 kwa jina la Dolphin Surf, bei yake rasmi ilianza karibu na euro 23,000 kabla ya punguzo la uzinduzi, na atakayelileta hapa atalipa meli, lori na duane (forodha) ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kabla ya kulipa plaki ya namba.

Kuhusu sababu ya urahisi huo, kitu cha ghali kuliko vyote ndani ya gari la umeme ni betri, na BYD ilianzishwa Shenzhen mwaka 1995 kama kiwanda cha betri, ikaingia katika magari mwaka 2003 tu. Ni sawa na mwenye kinu cha kusaga mahindi anayeamua kufungua mgahawa wa bukari (ugali): wenzake wananunua unga sokoni, yeye anauchota nyumbani kwake. Kampuni za Ujerumani zilikuwa na miaka zaidi ya mia ya ujuzi wa injini na giaboksi, na ghafla ujuzi huo ukawa haupimwi tena, kwa kuwa mota ya umeme ina vipande vichache na haihitaji giaboksi ya gia nyingi, huku seli za betri wakizinunua kwa kiasi kikubwa kutoka kwa Waasia.

Lakini serikali ya China nayo iliweka mkono. Ruzuku ya taifa kwa wanunuzi ilianza mwaka 2009 ikaendelea hadi mwisho wa 2022, bila kuhesabu mikopo nafuu na viwanja vilivyotolewa na majimbo. Umoja wa Ulaya ulitangaza uchunguzi kuhusu misaada hiyo mwezi Septemba 2023, na mwezi Oktoba 2024 ukaweka ushuru wa ziada juu ya ule wa kawaida wa asilimia 10: asilimia 17 kwa BYD, asilimia 35.3 kwa SAIC, kampuni nyingine ya magari ya China. Marekani ilikwenda mbali zaidi, ikaweka asilimia 100. Anayesema kwamba Wachina wameshinda kwa ruzuku tu, na anayesema kwamba wameshinda kwa akili tu, wote wawili nawasikiliza kwa sikio moja.

Volvo ni gari la Ulaya au la China? Tumebishana hapa kazini hadi mkubwa wetu akatufukuza. (Wafanyakazi wa ghala moja, Ruashi)

Yote mawili. Makao yake makuu yako Göteborg, Uswidi, lakini mwenye mali ni Geely ya China, iliyoinunua kutoka kwa Ford mwaka 2010. Jina la MG, ambalo wazee wanalikumbuka kuwa la Kiingereza, liko mikononi mwa SAIC ya Shanghai. Rudini kazini.

Ninasikia kwamba kampuni inayotengeneza simu yangu ya Xiaomi imetengeneza gari linaloipita Porsche. Inawezekanaje fundi wa simu amshinde fundi wa Porsche? (Kijana, Katuba)

Gari hilo ni Xiaomi SU7. Lilizinduliwa mwezi Machi 2024 kwa yuan 215,900, yaani karibu dola 30,000, na umbo lake linakumbusha Porsche Taycan kiasi kwamba hakuna aliyejificha kulisema. Kama kushindana maana yake ni kuondoka kwenye taa na kufika mwendo mkubwa kwa sekunde chache, basi mota ya umeme imeifanya kazi hiyo kuwa nyepesi kwa kila mtu, kwa kuwa inatoa nguvu yake yote mara tu unapokanyaga, wakati injini ya esansi (petroli) inapaswa kwanza kupandisha mizunguko. Zamani wepesi huo ulinunuliwa kwa fedha nyingi na ulihitaji mafundi wa miaka arobaini. Leo unakuja pamoja na betri.

Porsche bado inashinda katika mambo ambayo hayaonekani kwenye video unazotumiwa: breki zisizochoka baada ya mizunguko mingi, namna gari linavyoketi barabarani kwenye kona, viti, mlio wa mlango unapofungwa. Swali lililowasumbua Wajerumani ni kama mnunuzi wa China yuko tayari kulipa mara tatu kwa ajili ya mambo hayo, na hesabu zimejibu. Mwaka 2021 Porsche iliuza magari zaidi ya 95,000 nchini China, na mwaka 2024 hayakufika 57,000. BMW ilipoteza kiasi cha asilimia 13 ya mauzo yake katika soko hilo mwaka huo huo wa 2024, na Mercedes asilimia 7. Tajiri kijana wa Shanghai anataka gari linalozungumza naye kwa lugha yake, lenye skrini inayojua ratiba yake na kiti kinachojilaza kama kitanda. Nembo ambayo baba yake aliiota haimwambii kitu kikubwa.

Volkswagen imeelewa. Mwaka 2023 ilitoa dola milioni 700 kununua hisa katika Xpeng, kampuni ya Kichina ya magari ya umeme, ili ijifunze, na Audi imetoa nchini China, pamoja na SAIC, magari yasiyo na zile pete nne za nembo yake. Mwalimu ameketi kwenye dawati la mwanafunzi.

Mimi ni mwanafunzi wa Polytechnique hapa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Tunaambiwa tangu shule ya msingi kwamba dunia haiwezi kutengeneza gari la umeme bila kobalti ya Katanga. Je, magari haya ya bei nafuu ya Kichina yana kobalti yetu? (Mwanafunzi, Lubumbashi)

Mengi kati yake hayana hata gramu moja katika betri kuu, na nafikiri jambo hili lingepaswa kufundishwa darasani kwa sauti ile ile iliyotumika kufundisha lile la kwanza.

Kuna familia mbili kubwa za betri za magari. Moja hutumia nikeli, manganisi na kobalti, nayo hubeba nishati nyingi kwa uzito mdogo. Nyingine hutumia lithiamu, chuma na fosfati, haina nikeli wala kobalti. Ni nzito zaidi kwa umbali ule ule, lakini ni rahisi, huvumilia kuchajiwa mara nyingi zaidi, na si nyepesi kushika moto. Kwa muda mrefu hii ya pili ilidharauliwa kama betri ya mabasi. Mwaka 2020 BYD ilitoa betri yake ya seli ndefu na nyembamba kama upanga, zilizopangwa bila kupoteza nafasi, na dharau ile ikaisha. Kufikia mwaka 2024, karibu robo tatu ya betri za magari ya umeme nchini China zilikuwa za chuma na fosfati, na duniani kote zilikaribia nusu.

Sasa tazama mzaha wake. Kobalti inayochimbwa kati ya Kolwezi na Likasi imekuwa ikiketi zaidi katika gari la kifahari la Ulaya, linalotaka kwenda mbali bila kuongeza uzito, kuliko katika gari la bei nafuu la Kichina. Ilhali wanaoichimba kwa wingi ni Wachina wenyewe. CMOC, kampuni ya Kichina ya madini, ilinunua hisa za Wamarekani wa Freeport-McMoRan katika mgodi wa Tenke Fungurume mwaka 2016, kisha ikachukua mgodi wa Kisanfu, ambako CATL, mtengenezaji mkubwa wa betri kuliko wote duniani, ana fungu lake.

Kongo hutoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na wengi walidhani wingi huo ni fimbo. Mwaka 2018 tani moja iliuzwa kwa zaidi ya dola 90,000. Mwanzoni mwa 2025 ilikuwa imeporomoka hadi karibu dola 21,000. Mwezi Februari 2025 serikali ikasimamisha usafirishaji wote, na kuanzia Oktoba ikaweka viwango: tani 96,600 kwa mwaka 2026, na nyingine kama hizo kwa 2027. Bei ikapanda, na wenye kuuza wakafurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini kila bei inapopanda, mhandisi mmoja huko Ulaya anapata sababu mpya ya kumshawishi mkubwa wake ahamie kwenye chuma na fosfati, na akishahama hatarudi kwa ajili yetu.

Ushauri wangu kwako ni kwamba uitazame shaba. Gari la umeme hutumia kilo kama 80 za shaba, wakati la esansi hutumia zaidi kidogo ya 20, na hapa familia ya betri haibadilishi sana hesabu, kwa kuwa shaba iko katika nyaya, katika mota, na katika karatasi nyembamba iliyomo ndani ya kila seli ya aina zote mbili. Lile bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya taifa, tunalolitazama kila siku lilijengwa kwa ajili ya shaba, kobalti ilikuja nyuma yake. Na kama bado moyo wako uko kwenye kobalti, jifunze kuisafisha, kwa sababu kinachovuka Kasumbalesa juu ya malori ni hidroksidi, yaani kobalti ambayo haijasafishwa hadi mwisho, na thamani kubwa inaongezwa mbele ya safari.

Nina duka sokoni Kenya, hapa hapa Lubumbashi, na ninataka kuacha gharama ya esansi. Kwa delestaji hii tunayoijua, yaani umeme kukatwa kwa zamu, nitachaji wapi? (Mama mfanyabiashara, komine ya Kenya)

Mama, utachaji nyumbani usiku, na hesabu yake si mbaya kama unavyoogopa. Soketi ya kawaida ya voliti 220 hutoa kiasi cha kilowati mbili. Betri ya kilowati-saa 30, kama ile ndogo ya Seagull, itahitaji saa kumi na tano hivi ili ijae kutoka sifuri. Lakini wewe huijazi kutoka sifuri. Ukipata umeme wa saa sita tu, kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, utakuwa umeingiza karibu kilowati-saa 12, nazo zinatosha gari dogo kutembea kama kilomita mia moja. Sokoni na kurudi, shuleni, kanisani, zote zimo. Kolwezi haimo: ni kilomita 300 hivi, na zile kilomita 305 zinazoandikwa kwenye karatasi ya gari zimepimwa kwa utaratibu wa Kichina ambao ni mkarimu sana.

Kinachonitia wasiwasi kwako ni voliti. Katika mitaa mingi taa zikiwashwa jioni umeme unashuka hadi chaja inakataa kufanya kazi, na chaja nyingine zinakataa pia mahali ambapo nyumba haina waya wa ardhini. Muite fundi apime kabla hujalipa hata franka moja. Uulize pia tundu la kuchajia, kwa maana gari lililotengenezwa kwa soko la China lina tundu tofauti na lile la Ulaya. Usifikirie kuchaji kwa jenereta ya mazuti (dizeli): lita nne za mazuti kwa kilomita mia, na kelele usiku kucha, ni afadhali ubaki na esansi yako.

Jambo moja zuri ambalo watu hawalitaji: China huendesha upande wa kulia kama sisi, hivyo usukani uko kushoto mahali pake, si kama magari yetu ya Japani yanayotulazimisha kumuuliza abiria kama mbele kuko wazi. Ila kwa magunia ya unga, gari hili ni dogo, Mama. Yabaki kwa taksi.

Nikinunua gari la kampuni ya Kichina, halafu kampuni ikafunga, nitafanya nini? (Msomaji, Bel-Air)

Hofu hiyo ina msingi. Vita vya bei huko China vimekwisha kuua: WM Motor iliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2023, HiPhi ikasimamisha uzalishaji mwezi Februari 2024. Gari la zamani linapopoteza kiwanda chake, fundi wa Kamalondo hulichongea kipande. Gari ambalo nusu yake ni programu linapopoteza seva zake, hakuna cha kuchonga. Chagua kampuni inayotengeneza magari kwa mamilioni, si ile yenye skrini nzuri kuliko zote. BYD iliuza zaidi ya milioni nne mwaka 2024. Kisha umtafute kwanza fundi mwenye chombo cha kusoma kompyuta yake na anayejua kushika voliti mia tatu bila kufa, na kama hapa mjini hujampata, subiri.

Nina Mercedes ya mazuti ya mwaka 1992. Niiuze kabla haijakosa thamani kabisa? (Mzee, Golf)

Mzee wangu, gari la mwaka 1992 lilikwisha kupoteza thamani yake zamani, na sasa linakula mazuti na heshima tu. Hakuna gari la umeme litakalokutisha katika barabara ya Kasenga wakati wa masika. Lakini kama umeamua kuliuza kwa sababu nyingine, niandikie bei kabla ya kuwaambia madalali. Shemeji yangu anatafuta la aina hiyo hiyo, rangi yoyote.