Jibu: Samaki husikiaje bila masikio ya nje?
Ndugu, umeuliza kwa nini samaki hukimbia mtu anapogonga ubavu wa mtumbwi, ilhali hatuoni masikio yao. Masikio wanayo, ila yamo ndani ya fuvu: kwa kuwa msongamano wa mwili wa samaki unakaribiana na ule wa maji, mwili hutikisika pamoja nayo sauti inapopita, huku vijiwe vizito vya sikioni vikichelewa na hivyo kupinda vinyweleo vya hisia. Kambare humzidi sato kwa usikivu, kwani ana vifupa vinavyounganisha kibofu cha hewa, mfuko wa tumboni unaotikiswa na sauti, na sikio. Mwendo wa maji yaliyo karibu hutambuliwa na mstari wa ubavuni, yaani safu ya viungo vya hisia kando ya mwili, ambao kwangu ndio wa ajabu zaidi, maana humwezesha samaki kipofu wa mapango ya Meksiko kukwepa miamba gizani.