Washa sakafu kwanza, vigae baadaye

Nyumba yenyewe iko Njombe, upande wa mji ambako mwezi wa saba ukungu unakaa hadi saa nne asubuhi. Mwenye nyumba ni mama mstaafu, magoti yanamsumbua kwa baridi. Wanawe wakamwekea mfumo wa kupasha sakafu: boila ya kuni nyuma ya jiko, pampu ndogo, na mabomba ya plastiki yaliyozungushwa ndani ya skridi, yaani ile sakafu ya mchanga na saruji inayomwagwa juu ya jamvi la zege. Mimi niliitwa kubandika vigae vya poseleni vya sentimita 60 kwa 60. Ilikuwa Desemba, watoto wanakuja kula Krismasi nyumbani, skridi ina wiki tatu tu. Nikaigusa kwa kiganja, nikaiona kavu. Nikabandika.

Mwezi wa sita wakawasha boila. Siku ya nne mama akanipigia: "Mwanangu, usiku sebuleni kumelia kama bati limepigwa jiwe. Njoo uone." Nikakuta safu mbili za vigae zimeinuka katikati ya sebule, zimeegemeana kama paa la kibanda. Nikainua kimoja. Mgongo wake ulikuwa msafi, hauna gundi hata chembe, na kule chini mistari ya mwiko wa meno imesimama vile vile nilivyoichora, haijabonyea. Nikagonga vilivyobaki kwa mpini wa mwiko; karibu nusu ya chumba kikawa kinalia tupu. Nilivitoa vyote, nikarudia kazi kwa gharama yangu. Tangu hapo sibandiki kigae juu ya sakafu ya joto ambayo haijawashwa kwanza ikapoa.

Skridi ya saruji ikipata joto hurefuka kama milimita 0.012 kwa kila mita, kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Inaonekana si kitu mpaka uizidishe: sebule ya mita 8, skridi ikitoka nyuzi 10 za usiku wa Njombe hadi 30, imerefuka karibu milimita 2. Poseleni hurefuka takriban nusu ya hapo. Kwa hiyo gundi iliyo katikati inavutwa huku na huku kila boila ikiwashwa na kuzimwa. Ongeza kwamba skridi mbichi ikikaushwa na joto husinyaa, na ikisinyaa hupasuka. Ufa huo ni lazima utokee ukiwa bado unauona, uuzibe, kabla hujaufunika kwa marumaru ya watu.

Kukauka ndiko kunakowashinda wengi huku kwetu. Kanuni ya kazi ni siku 1 kwa kila milimita ya unene hadi milimita 50, na siku 2 kwa kila milimita inayozidi hapo. Skridi ya milimita 70 inataka siku 90, na hiyo ni katika hewa nzuri. Ukimwaga Januari huku mvua zinanyesha, subiri zaidi. Mtu asikushauri kuwasha jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha ili ikauke haraka. Moshi wake usioonekana unaua. Fungua madirisha mchana, upepo ufanye kazi.

Boila yenyewe itasaidia kukausha, lakini si kabla ya siku 21, kwa sababu saruji inahitaji maji yake ili ipate nguvu. Baada ya hapo anza na maji ya nyuzi 25, siku 3 mfululizo, usiku na mchana. Kisha panda taratibu, nyuzi 5 kwa siku, hadi joto la juu ambalo mfumo umepangiwa, ukae hapo siku 4. Teremka taratibu vile vile. Mwambie mwenye nyumba aandike joto la kila siku kwenye daftari. Kuni zitakwenda nyingi, ndiyo, lakini ni chache kuliko bei ya sebule nzima ya vigae.

Kupima unyevu, kipimo cha kabidi (unga wa skridi unachanganywa na kabidi ndani ya chupa, gesi inayotoka inaonyesha unyevu) ndicho cha uhakika: skridi ya saruji yenye joto isizidi asilimia 1.8. Kama hukipati, gundisha kipande cha nailoni cha sentimita 45 kwa 45 kwa selotepu pande zote, ukiache saa 16. Ukikuta jasho chini yake au saruji imegeuka nyeusi, funga mkoba urudi nyumbani. Nailoni ikiwa kavu, bado hujapata uhakika wote, kwa hiyo rudia sehemu tatu nne, hasa pembeni na mbali na mabomba.

Zima joto siku 2 kabla ya kubandika. Kwangua ule utando mweupe wa juu unaotoka kama unga, fagia, paka praima, yaani rangi ya kwanza inayosaidia gundi kushika. Ule mkanda wa fomu, yaani sponji laini, uliozunguka kuta usiukate wala kuujaza gundi. Sakafu ikikosa pa kusogea itasogea juu. Na popote skridi ilipoachiwa mwanya, kama mlangoni, mwanya huo uendelee hadi kwenye vigae na ujazwe silikoni, usijazwe grauti, ile saruji ya kujazia kati ya vigae.

Kuhusu gundi, tafuta mfuko ulioandikwa C2, yaani gundi ya saruji iliyoboreshwa, na S1, yaani inayonyumbuka. Uji wa saruji tuliozoea, pamoja na kuloweka vigae kwenye ndoo, unafaa kwa vigae vya kawaida vinavyonywa maji. Poseleni hainywi hata asilimia 0.5 ya uzito wake, kwa hiyo uji haupati pa kushika. Paka gundi chini, paka na mgongo wa kigae, kandamiza mpaka mistari ibonyee yote. Inua kimoja kila baada ya safu chache ukague mgongo wake.

Ukishajaza grauti, boila ikae imezimwa siku 14. Kisha nyuzi 25 tena, na kupanda polepole kama mwanzo. Kwa yule mama nilikwenda mwenyewe kuiwasha mara ya pili, nikalala pale siku mbili nikisikiliza sakafu.