Mahindi ya kuvuka mpaka: kiwango cha sumukuvu kinabadilisha nini kwenye unga?

Swali: Nina duka la nafaka na mashine ya kusaga hapa Voi. Mahindi yangu mengi nanunua Taveta, yakitoka Tanzania. Tangu Kenya iyazuie mwaka 2021 kwa ajili ya sumukuvu kisha ikayaruhusu kwa masharti, wateja hawaishi kuniuliza kama unga wangu una sumu. Wengine wanasema hayo masharti ndiyo yameleta mahindi "yaliyotiwa dawa". Kiwango cha sumukuvu kinasema nini hasa, na mimi nisiye na maabara nijikinge vipi?

Jibu: Tuanze na hilo la dawa maana ndilo jepesi. Kiwango cha sumukuvu (aflatoksini, sumu inayotolewa na kuvu) hakiongezi kitu chochote kwenye mahindi. Kinataja tu kiasi ambacho sumu hiyo haipaswi kukizidi. Mteja akionja tofauti kati ya unga wako na wa pakiti, sababu ni nyingine kabisa: wa pakiti mara nyingi umekobolewa, na tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi wa viwandani uongezwe vitamini na madini kama chuma na zinki. Hilo halina uhusiano wowote na mpaka.

Kiwango chenyewe ni cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, EAS 2, na Tanzania, Uganda na Kenya zote zinakitumia. Unyevu usizidi asilimia 13.5. Sumukuvu kwa jumla isizidi 10 ppb, yaani sehemu 10 katika bilioni, na ile aina kali zaidi, B1, isizidi 5. Sehemu 10 katika bilioni ni miligramu 10 kwenye tani nzima. Gunia la kilo 90 halifikishi hata miligramu 1. Marekani huruhusu hadi 20, kwa hiyo hapa kwetu kamba imekazwa zaidi, angalau kwenye karatasi.

Barua ya Machi 2021 ya mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya, ile iliyoleta zuio, haikuleta kiwango kipya. Siku chache baadaye zuio liliondolewa na masharti yakatolewa: mwagizaji asajiliwe, shehena iwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi 10, na ijulikane mahindi yalilimwa wapi. Kilichobadilika ni makaratasi. Ukinunua kwa dalali Taveta, mwombe nakala ya cheti cha shehena hiyo hiyo, chenye tarehe na idadi ya magunia inayolingana na mzigo ulio mbele yako. Cheti cha lori la mwezi uliopita hakikusaidii.

Sasa, je, mahindi ya humu ndani ni salama zaidi? Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya jirani, waliugua watu 317 kwa sumukuvu na kufa 125. Kiini cha balaa lile kilikuwa mahindi ya kienyeji yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Novemba 2019 KEBS, shirika la viwango la Kenya, ilisimamisha chapa 5 za unga zilizokuwa kwenye rafu za maduka makubwa, na Januari 2020 nyingine 17. Upande wa Tanzania, Dodoma na Manyara zilipata mlipuko wake 2016, nako watu walikula walichovuna wenyewe. Kuuliza mahindi yametoka nchi gani ni swali la pili. La kwanza ni yalikaushwa vipi na yalilala wapi.

Kuvu huanza shambani, hasa ukame unapoyakuta mahindi yakijaza punje, au wadudu wanapoyatoboa. Kisha hushamiri ghalani unyevu ukibaki juu. Ndiyo maana kipimo chako cha kwanza ni cha unyevu. Kama huna mashine yake, tumia chumvi. Anika chumvi juani mpaka iwe kavu kabisa. Chukua chupa ya kioo kavu ya mililita 750 yenye kifuniko, tia mahindi hadi thuluthi moja, ongeza vijiko viwili au vitatu vikubwa vya chumvi, tikisa dakika moja, iache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15: usinunue, au nunua kwa bei ya mahindi mabichi ukayaanike. Isipoganda, uko chini ya 15, na hapo wengi hudanganyika, kwa sababu 15 si 13.5. Yatandaze tena juu ya turubai, tabaka lisizidi sentimita 4 au 5, ukiyageuza mara kwa mara. Yaache yapoe kabla ya kuyatia guniani, la sivyo joto litatoa jasho ndani ya gunia na kazi yote itaharibika.

Kipimo cha sumu yenyewe ni kazi ngumu kidogo, na ugumu hauko maabara, uko kwenye kuchukua sampuli. Sumukuvu haisambai sawasawa. Punje moja ya gramu 0.3 yenye ppb 100,000 inatosha kuipa kilo nzima ya mahindi safi ppb 30, mara tatu ya kiwango. Ukichota konzi moja juu ya gunia moja, jibu lolote utakalopewa ni bahati nasibu. Tumia bambo, ule mrija wenye ncha wa kutobolea gunia. Kwa mzigo wa magunia 40, toboa yote, ukichukua juu, katikati na chini, uchanganye mpaka upate kilo 5 au zaidi. Saga zote, changanya tena vizuri, ndipo utoe kiasi kidogo cha kupeleka maabara au cha kupima kwa kile kipimo cha haraka cha ukanda. Anayepima punje chache bila kusaga anapoteza pesa.

Kupika hakusaidii. Ugali huiva kwenye joto la kama nyuzi 100, na sumukuvu huanza kuvunjika ikishapita 230. Kinachosaidia kweli ni kuchambua kabla ya kusaga: ondoa punje zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizotobolewa, zenye rangi ya kijani au kahawia. Sumu nyingi hukaa humo, ingawa punje yenye sura nzuri nayo inaweza kuwa nayo. Kukoboa hupunguza zaidi, maana sumu hukaa sana kwenye ganda na kiini. Kwa hiyo anayependa dona, yaani unga usiokobolewa, ndiye anayehitaji mahindi yaliyochambuliwa kwa makini kuliko wote, na hilo mwambie mteja wazi.

Lakini pumba zinakwenda wapi? Kwa kawaida kwa wafugaji. Ng'ombe wa maziwa akila sumukuvu huitoa kwenye maziwa ikiwa aina nyingine ya sumukuvu iitwayo M1, na kuyachemsha hakuiondoi. Pumba za mzigo unaoutilia shaka, pamoja na zile punje ulizochambua, zisiuzwe wala zisipewe kuku. Zichome au zifukie. Pia usichanganye mahindi mabovu na mazuri ili wastani ushuke: ukishafanya hivyo huna tena mzigo wa kurudisha kwa dalali, una magunia 40 ya mashaka.

Ghalani, panga magunia juu ya vichanja vya mbao, mbali na ukuta kama nusu mita, chini ya paa lisilovuja. Mifuko ya PICS, ile yenye nailoni mbili ndani, huua fukusi na dumuzi kwa kuwanyima hewa, bila dawa yoyote. Ila usiyatie humo mahindi yenye unyevu. Yatachacha na kuoza. Na kwenye kila mzigo andika tarehe, dalali na matokeo ya chupa ya chumvi. Mteja akiuliza, mwonyeshe daftari.