Hesabu vishada kabla hujachapa

Tumsifu Yesu Kristo, wadogo zangu. Juzi nimepita karakana moja pale Majengo nikakuta bango la kipaimara mezani, wino haujakauka, na kwenye nembo ya Mhashamu Askofu, kofia inayochorwa juu ya ngao ni nyekundu. Nyekundu! Kijana aliyelichora ana mkono mzuri kuliko wangu. Picha aliichota kwenye simu, rangi ikamvutia, basi. Msimu wa kipaimara na daraja takatifu umefika, na makosa ni yaleyale tuliyoyafanya sisi.

1. Kofia kwanza, ngao baadaye. Mnahangaika na mbuyu na zabibu ndani ya ngao, mnasahau kwamba cheo husomwa nje yake. Askofu: kofia ya kijani, vishada (vile vifundo vya nyuzi vinavyoning'inia kwenye kamba za kofia) 6 kila upande, vikishuka kimoja, viwili, vitatu. Askofu Mkuu: kijani hiyohiyo, vishada 10 kila upande, na msalaba nyuma ya ngao una vipande viwili vya kukingama. Kardinali: nyekundu, vishada 15 kila upande.

Mimi nilijifunza hili kwa aibu. Dodoma ilipopandishwa kuwa Jimbo Kuu mwaka 2014, kazi za vishada 10 zilitujaa mezani, nami nikahifadhi faili moja safi nikaliita "kofia". Baadaye masista wa shirika moja wakaniletea kazi ya yubile yao. Mwongoza Misa alikuwa Askofu wa jimbo jingine. Nikafungua "kofia", nikatoa ngao iliyokuwamo, nikapachika yake. Mabango mawili, kadi 300. Nikalala vizuri.

Asubuhi ya sherehe katekista mmoja mzee alisimama chini ya bango la langoni, mikono nyuma, midomo ikihesabu. Akaniita kando. "Mwanangu, huyu baba umempandisha lini?" Sikumwelewa. Akanyoosha kidole: "Kumi. Tena msalaba wake umeupa mikono miwili." Magoti yakalegea. Nikapanda ngazi kufungua kamba huku maandamano yakianza kutoka sakristia. La langoni nililishusha, la altareni sikuliwahi. Misa nzima nilivitazama vile vishada juu ya kichwa cha Askofu. Mhashamu hakusema neno. Mama Mkuu alinilipa salio lote, na nilipotaka kumrudishia nusu alikataa. Alisema tu kwamba pesa ile masista waliichanga kidogo kidogo mwaka mzima. Angenifokea ningepona mapema. Picha za siku ile bado zimo kwenye albamu yao, na bango limo.

Tangu siku hiyo kila kofia ina faili lake, na hesabu imo kwenye jina: askofu-6, askofumkuu-10, kardinali-15. Fanyeni hivyo leo, si kesho.

2. Msiweke mitra, ile kofia ndefu ya ibada, wala fimbo ya kichungaji. Roma iliziondoa kwenye nembo za maaskofu na makardinali mwaka 1969. Msijitetee kwa nembo ya Benedikto XVI: mwaka 2005 aliweka mitra mahali pa lile taji la ngazi tatu, na yeye alikuwa Papa.

3. Bendera ya Vatikano ni mraba. Mafundi cherehani, nawapenda, lakini mnakata mstatili kwa mazoea ya bendera ya Taifa. Njano ikae upande wa mlingoti, funguo na taji zikae kwenye nyeupe, meno ya funguo juu. Na pindo la mwisho lishoneni mara mbili. Upepo wa hapa mnaujua.

4. Mhuri wa parokia usibebe nembo ya Askofu. Nembo ni yake binafsi, akihamishwa anaondoka nayo, na parokia itabaki na mhuri wa mtu asiyekuwepo. Hata Roma, Papa akifariki nembo yake hukoma, na kipindi cha kusubiri mwingine hutumika mwavuli na funguo. Anayetaka mhuri bila barua ya paroko, mrudisheni.

Yule kijana wa Majengo tulikaa naye hadi saa nne usiku. Kofia sasa ni ya kijani, vishada amevihesabu mwenyewe kwa sauti, mara mbili. Kipaimara ni Jumapili.