Mwaka wa kwanza na vipindi vya Zoom

Mdogo wangu, umesema uko mwaka wa kwanza, vipindi vyote ni Zoom na bando linaisha kabla ya wiki. Kinachokula bando ni video. Zima kamera yako, na kwenye simu zima hata video zinazoingia, ubaki na sauti. Slaidi utazipata baadaye. Kama chuo chenu kinatumia Moodle, ule mfumo wa mtandaoni wa kuwekea noti na kwizi, weka programu yake kwenye simu: ukipata Wi-Fi ya maktaba unapakua noti, unasoma nyumbani bila intaneti. Kwizi zenye muda usizifanye saa sita kasorobo usiku wa mwisho. Mimi nilijaribu, umeme ukakatika. Sifuri.

Ila upweke ndio mgumu zaidi. Nyumbani wanakuona umekaa na simu tu, wanakutuma dukani katikati ya kipindi. Bandika ratiba mlangoni, hata wakicheka. Halafu tafuta wenzako wawili watatu wa kozi yenu, jioni mpigiane WhatsApp, kila mmoja aeleze mada moja kwa maneno yake. Lile kundi la darasa zima ni memu na matangazo tu.